Mlango wa Saba

Milango yote ya kompyuta ya nyumba yao, kila jamaa na wake, ilipata hodi za watu waliokosea, isipokuwa wa saba. Siwema ndiye aliyeliona hilo kwanza. Siku hizo jamaa walibishiana hodi kwa kompyuta tu, na aliyepitisha mwaka bila kubisha alifutwa katika ukoo. Wa saba ulikuwa mlango wa mama yake, aliyekuwa ameondoka nyumbani.

“Kesho mwaka unatimia, mwanangu, ufunge,” alisema baba. “Tumemwachia wazi. Mwenye haja angebisha.”

Kabla ya kuufunga, Siwema aliorodhesha milango iliyo wazi. Wa saba ulikuwa wazi kweli, lakini uliamriwa kusikiliza ndani ya nyumba tu. Wa nje angebisha mpaka vidole vitoke damu. Amri ilikuwa na jina la baba.

“Baba,” alisema akimwonyesha amri hiyo, “sijakuamini hata siku moja.”