Kosa Halipiti kwa Mama Nukta

Kwa mara ya tatu asubuhi ile, karani alichomoa karatasi kwenye taipureta, akaikunjakunja hadi ikawa ndogo na kuitia mfukoni badala ya kuitupa kapuni.

"Mama Nukta, bado tu?" mkaguzi wa polisi alipaza sauti kutoka chumba cha pili. "Gari la mahakamani linaondoka saa sita!"

"Bado kidogo, afande."

Jina la Mama Nukta alipewa na askari wenyewe. Kwa miaka kumi na tisa pale kituoni, hakuna kosa lililopita mbele yake likatoka salama. Ukimpa ripoti yenye tarehe mbovu, ilirudi na tarehe nzuri, na wala hukuambiwa kitu. Walimtania kwamba siku akifa atainuka kwenye jeneza kusahihisha tanzia yake.

Leo alikuwa na kurasa nne za mwandiko wa mkaguzi. Zilikuwa maelezo ya mfagizi wa nyumba za wageni, akikiri kuwaua wapangaji watano ndani ya miezi kumi na minne. Wote walikuwa wanaume wa makamo. Wote walikutwa wamelala chali, shuka imevutwa hadi kidevuni, viatu vimepangwa sawasawa chini ya kitanda. Mji mzima ulikuwa haupati usingizi, na muuaji walishampa jina: Mtandikaji.

Maelezo yenyewe yalikuwa ovyo kabisa. Mfagizi alisema aliwanyonga kwa kamba, ilhali daktari alishaandika kwamba walizibwa pumzi kwa mto. Alisema wa nne alikufa Jumanne, na ilikuwa Alhamisi. Mama Nukta alizijua ripoti zote tano kwa moyo, maana yeye ndiye aliyezipiga chapa. Mtu mwenye macho angeona kwamba mfagizi alikuwa akijibu kile alichotakiwa kujibu, baada ya siku tatu za kunyimwa usingizi. Na kwa karatasi hizo nne, angepewa kitanzi.

Mama yake mfagizi alikuwa nje, kwenye benchi mkabala na dirisha, amepakata shati la mwanawe lililopigwa pasi. Asubuhi alikuwa amemshika Mama Nukta mkono.

"Mwanangu, wewe unaingia humo ndani. Waambie. Mtoto wangu anamkimbia hata mende!"

"Nitawaambia, mama."

Hakumwambia mtu. Aliketi, akasimama, akapanga mafaili yaliyokwisha kupangwa, akaketi tena. Neno moja tu lingemtoa mfagizi yule, na neno hilo lilikuwa limemkwama kooni tangu Jumatatu kama mwiba wa samaki. Alimwonea huruma yule mama, tena huruma ya kweli. Lakini naye alikuwa na binti aliyebakiza mwaka mmoja chuoni. Funika kombe mwanaharamu apite, alijiambia.

Akachomeka karatasi kwa mara ya nne. Mara tatu za kwanza alijikuta amesahihisha. Safari hii aliamua kupiga haraka haraka bila kufikiri, macho dirishani, maana maneno alishayakariri, vidole viende vyenyewe. Kule nje mama alikuwa akilikunjua shati na kulikunja upya, akilikunjua na kulikunja. Mama Nukta hakuyaondoa macho yake pale mpaka ukurasa wa mwisho. Kisha akabana nakala ya mkono nyuma ya ile ya mashine. Huo ulikuwa utaratibu, ingawa pale kituoni aliyeufuata ni yeye peke yake.

Mkaguzi alisoma akiwa amesimama. Alipofika ukurasa wa tatu akapiga paja.

"Hee! Hili mbona silikumbuki? 'Miwani ya marehemu wa tatu niliificha ndani ya tangi la choo cha wanawake, ghorofa ya pili ya nyumba ile ya wageni.' Miezi minane tunaitafuta miwani hiyo! Kweli usiku ule niliandika huku nasinzia. Na mfagizi naye bwana, anaingia popote! Sajini! Hebu kimbia mara moja ukaangalie."

Mama Nukta alishika ukingo wa meza.

"Gari linaondoka saa sita, afande."

"Litasubiri."

Sajini alirudi baada ya dakika arobaini, mikono ya shati imelowa hadi viwikoni, miwani iko ndani ya mfuko wa nailoni. Mama kwenye benchi aliuona mfuko ule, akaangua kilio.

"Kwisha kazi!" mkaguzi alisema, akizungukazunguka chumbani kama bwana harusi. "Aliyeua ndiye aliyeficha. Nani mwingine angejua?"

Sajini aliketi kujaza fomu ya kielelezo. Alikuwa msomaji wa polepole, wa kufuata mstari kwa kidole. Alisoma ukurasa wa tatu wa mashine. Akafunua nyuma, akasoma ukurasa wa tatu wa mkono. Akarudi mbele, akasoma tena.

"Afande, samahani. Mbona hapa kwa mkono wako mfagizi anasema miwani aliitupa mtoni?"

Mkaguzi alizichukua karatasi. Alisoma huku, akasoma kule, kisha akainua macho taratibu kuelekea kwenye meza ya karani.

Mama Nukta alikuwa ameshachomeka karatasi mpya. Alipiga tarehe, na chini yake akapiga 'Maelezo ya', kisha jina lake kamili.

"Na pale palipoandikwa watano, afande," alisema, "napo pana kosa."