Rula ya Mzee Gélase

Mzee Gélase aliinua karatasi kwa vidole viwili, kama mtu aliyemwokota panya kwa mkia.

"Nani ameandika hapa 'kabila'?"

 Kilikuwa chumba cha nyuma ya duka la vitambaa la babake Azzan, pale mtaa wa Bwiza, na vijana wanne walikuwa wamekaa juu ya marobota, wakiizunguka meza yenye ramani, dadu na karanga. Aliyesimama mlangoni alikuwa mkuu wa nyumba kumi mwenyewe. Harusini, matangani, hata kwenye kazi za pamoja za Jumamosi, mzee huyu alikuwa na hotuba moja tu: hapa kwetu hakuna kabila, kuna raia.

"Ni mchezo, Mzee," Azzan akasema. "Kila mutu anajaza fishi, karatasi ya mutu wake wa kubuni. Jina, umri, kabila, nguvu. Halafu mi nasimulia, wao wanatupa dadu."

"Orki," mzee akasoma. "Hii ni kabila ya wapi? Ya ng'ambo ya Rusizi?"

Mawazo, kijana mwingine pale mezani, akajikunyata. Orki alikuwa wake, na ng'ambo ya mto huo wa mpakani ndiko alikotoka. Wiki nzima alikuwa akimfuata mzee huyu kwa saini moja tu, ya cheti cha makazi. Bila cheti hicho, shule ya uuguzi ingefunga orodha Ijumaa mchana bila jina lake, na miaka miwili ya kusubiri tangu avuke kutoka Uvira ingekuwa miaka miwili ya kulisha mbu.

"Apana, Mzee, haiko mutu wa kweli," akasema Tahani, binamu yake Azzan. "Orki ana meno ya inje, anazaliwa mubaya. Elfi ana masikio marefu, anazaliwa muzuri. Ndio tulikuwa tunagombania hiyo. Mi nasema mutu hazaliwi mubaya. Tufute hiyo mambo."

"Na orki akikuwa muzuri, tutapigana na nani?" Azzan akadakia. "Na wateja wa baba?"

"Miezi sita mi niko orki tu," Mawazo akanung'unika. "Elfi ni ya watoto wa nyumba."

"Una sauti ya orki, ndugu yangu. Mungu alikupa," Azzan akamjibu.

Rosette, aliyekuwa wa nne, akacheka karanga zikampalia. Mzee hakucheka.

"Huyu elfi. Mumeandika hapa anaishi miaka mia saba?"

"Ndiyo, Mzee."

"Bila magonjwa?"

"Hata mafua," Azzan akajibu.

"Na watu wanamuheshimu?"

"Mzee, hata miti inamuinamia."

Mzee Gélase akaitazama karatasi kwa muda. Halafu akavuta kiti, akatoa mfukoni rula na kalamu nyekundu, maana mtu wa mihuri hatembei mikono mitupu. Akapiga mstari juu ya neno "kabila", karatasi ya kwanza, ya pili, mpaka ya nne.

"Kuanzia leo, kwenye huu mchezo, mutu ni mutu. Mumesikia?"

Tahani nusura apige makofi. Ubishi wa miezi sita ulikuwa umemalizwa na rula.

"Hizi fishi naenda nazo nyumbani. Na hicho kitabu cha masharti ya mchezo. Na fishi moja yenye haijajazwa."

"Yenye haijajazwa, ya nini, Mzee?"

"Nimekuuliza mi?"

"Na cheti changu, Mzee?" Mawazo akathubutu.

"Cheti kitatoka siku ile hizi karatasi zitatoka kwangu."

Siku zilizofuata hakuna aliyegusa dadu. Babake Azzan, Bwana Khaled, alipopata habari alikaa chini juu ya robota la vitenge. "Miaka thelathini nauza kwenye mtaa huu, sijamuuliza mtu kabila. Na wewe unaandika ya watu ambao hawako!"

Alhamisi, Rosette alikuja na habari. "Nimepita kwake. Ameinama juu ya meza. Anaandika, anafuta, anaandika, anafuta. Mama wa pale anasema hata chai hanywi."

"Ni ripoti ya kutushitaki," Mawazo akasema. Akavifunga vitabu vyake vya biolojia kwa kamba, akauliza kama kuna mtu anavitaka.

Ijumaa asubuhi, kabla duka halijafunguliwa vizuri, mzee aliingia na bahasha ya kaki. Akapita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, akakiweka cheti cha Mawazo mezani. Jina lilikuwemo. Mtaa ulikuwemo. Muhuri ulikuwa umeshapigwa, kilichobaki ni saini. Mzee akafungua kalamu, akaileta hadi juu ya karatasi, ikasimama hewani.

"Azzan. We ndio chefu wa huu mchezo, siyo?"

"Ndiyo, Mzee."

"We ndio unakubali fishi ao unakatala?"

"Ni mi, Mzee."

"Basi kila chefu na saini yake. Anza we. Fungua."

 Azzan akaifungua bahasha. Kitabu cha masharti, kimewekwa alama za vipande vya gazeti. Fishi nne, kila moja na mstari wake mwekundu. Chini yake ilikuwepo ya tano, ile iliyokwenda tupu, sasa imejaa mwandiko wa shule za zamani, herufi zimelala zote upande mmoja. Jina: Gelasio wa Misitu Mirefu. Nguvu: ishirini, alama ya juu kabisa. Hekima: ishirini. Uzuri: ishirini.

Kwenye fishi hiyo neno "kabila" halikufutwa. Lilikuwa limepigiwa mistari miwili kwa chini, kwa rula, na mbele yake kumeandikwa: "Elfi. Safi. Kwa baba na kwa mama."