Nusu ya Jina

Fundi mawe alikuwa amechonga nusu ya jina la askari wa mwisho aliyepotea vitani, mama wa askari huyo alipoingia mbio kwenye uwanja wa mnara wa kumbukumbu, kiatu kimoja tu mguuni.

"Fundi, weka tindo chini! Mwanangu kapiga simu!"

"Mama, kesho ndiyo Siku ya Mashujaa. Una hakika ni yeye?"

"Ananiuliza shati lake la bluu liko wapi, nami nimeshaligawa! Nani mwingine angeuliza?"

Fundi akacheka mpaka machozi yakachora mifereji kwenye vumbi la mashavuni. Akachota saruji azibe herufi.

Mama akapitisha kidole taratibu ndani ya zile herufi, akamzuia.

"Liache jina hilo. Kanipandisha presha mwaka mzima. Aje alizibe mwenyewe."