Mpira Juu ya Jeneza

Nekesa aliuweka mpira wa raga juu ya jeneza la mumewe, refa Adagala. Wachezaji wa zamani, ambao hawakuwa wamekanyaga kwake tangu fainali ile ya ubishi aliyoichezesha Adagala, walikuja kumbeba. Walipouona tu mpira, ubishi ukafufuka.

"Haukugusa chini! Uliangukia mguu wangu!"

"Refa alikuwa hapo hapo, akasema ni trai, mpira uligusa chini, pointi zetu!"

Mmoja akaunyakua, akajitupa nao kwenye nyasi kuonyesha. Mwenzake akamlalia. Waliobaki wakapiga magoti kuchungulia chini yao, kama Adagala alivyofanya siku ile.

"Shemeji, ulikuwepo! Njoo uamue!"

Nekesa hakugeuka. Alikuwa amekishika kishikio kimoja cha jeneza, akingoja mtu aje ashike cha pili.