Shukrani za Fuko

Wanyama wa mashimoni wana desturi ya kumshukuru Muumba kila alfajiri kwa viungo vya miili yao, kimoja baada ya kingine, wakiongozwa na Sheikh Fuko. Alfajiri moja, kabla ya ibada, Nungunungu alimsukuma Kakakuona mbele.

"Sheikh, huyu afukuzwe! Anadai wazee wako walikuwa na macho makubwa, eti yakapungua yenyewe."

"Yalipunguaje?" aliuliza Fuko.

"Huku chini macho makubwa yaliingia mchanga, yakaoza," alijibu Kakakuona. "Waliozaliwa na madogo ndio waliopona, nao wakazaa. Ikawa hivyo vizazi kwa vizazi."

"Nadharia tu hiyo!" alifoka Nungunungu.

"Ni nadharia, ndiyo, na nimeipima. Kila fuvu la fuko ninalofukua, kadiri lilivyo la kale, ndivyo matundu ya macho yalivyo makubwa. Nikipata la kinyume, nitakuwa wa kwanza kusema."

"Mmesikia? Kamtoa Mungu!"

"Sijamtoa, bwana Miiba. Nimeeleza njia tu. Habari za Mwenye njia muulize Sheikh."

Fuko aliupapasa uso wake. Macho yake yamefunikwa na ngozi, hayaoni kitu. Miaka yote aliyaruka katika shukrani, akihofu moyoni kwamba Muumba alimsahau. Kumbe ile ngozi ilikuwa kinga, iliyosukwa polepole tangu enzi za mababu.

"Basi tumfukuze, Sheikh?"

"Nungunungu, ingia safuni," alisema Fuko. "Kakakuona, simama hapa karibu nami. Leo tunaanza na macho."