Punda wa Jumatatu

Punda alikuwa na kibarua cha kubeba magunia Jumatatu asubuhi tu; siku zilizobaki alishinda njaa. Siku ya baraza kando ya mto, Kanga wa upinzani alisema nusu ya wanyama hawana kazi. Mkuu wao, Ngiri, akacheka.

"Anayefanya kazi hata asubuhi moja kwa wiki, huyo ana kazi. Nchi hii haina asiye na kazi. Mtazameni Punda."

Punda aliyashika maneno hayo.

Baraza lilipokwisha, Ngiri alimpanda Punda mgongoni avushwe, kama ilivyo desturi ya wakuu, akatangaze takwimu zake ng'ambo. Katikati ya mto, maji yakiwa kifuani, Punda akasimama.

"Shuka, Mheshimiwa. Umeshavuka."

"Nimevuka wapi? Ng'ambo ile kule."

"Umevuka kidogo. Kwa hesabu yako, kidogo kinatosha."

"Mpumbavu wewe, kuvuka nusu si kuvuka. Nitazama."

Punda akakunja goti moja, maji yakamfika Ngiri kiunoni.

"Rudia hayo kwa sauti, Mheshimiwa. Baraza zima bado liko ukingoni, na Kanga hajasikia vizuri."