Ndege ya Ijumaa

Tafatu hakuwa na pikipiki. Hakuwa na tangi la saruji la kukinga mvua, na kwenye jabali letu lisilo na mto wala kijito, asiye na tangi huomba maji kwa jirani. Hakuwa na bati jipya, wala mtumbwi usiovuja, wala nafasi kwenye benchi la mashemasi. Zaidi ya yote, hakuwa na kiti bungeni.

Vyote hivyo alikuwa navyo Ikimotu, wa nyumba ya pili.

Kila kijiji cha kisiwa chetu cha Niue hupeleka bungeni Alofi, mji mkuu, mjumbe wake mmoja, na mahali ambapo ndimu na pasheni hazimlipi mkulima, mshahara wa serikali ni heshima. Tafatu alikuwa amegombea mara tatu, na mara zote tatu Ikimotu akamshinda. Kijiji chenyewe kilikuwa kinakwisha. Vijana walikwenda kufanya kazi viwandani Auckland, ng'ambo ya bahari, wakaacha madirisha yamepigiliwa mbao. Waliobaki kupiga kura hawakujaza hata nusu ya kanisa, kwa hiyo Tafatu aliwajua kwa majina wote waliomnyima.

"Mtu anakula samaki wa kopo peke yake tangu afiwe na mkewe," Ahi, mke wa Tafatu, alimwambia huku akimenya magimbi. "Unamwonea kijicho cha nini?"

"Na ile pikipiki?"

"Pikipiki haipiki."

Ikimotu naye hakumpa nafuu. Jioni hakosi kupita na kitu mkononi: leo kaa mkubwa wa msituni, kesho mkungu wa ndizi. Hukaa barazani, akala magimbi na papai yaliyookwa kwa tui, akajilamba vidole.

"Shemeji, mbunge wa kweli ni mumeo huyu. Mtu anakula hivi kila siku!"

Ahi alicheka mpaka akafuta machozi. Tafatu alisikia neno "mbunge" tu, gimbi likamkwama kooni.

Siku nyingine Ikimotu aliomba anwani ya Hafe, mwana wao wa pekee aliyekuwa Auckland, ili ampelekee salamu. Ahi akampa.

"Hata kwa mwanangu anatafuta kura!" Tafatu alinung'unika usiku kucha.

Basi bibi mmoja wa kijiji cha jirani akateleza bafuni. Habari zikafika Auckland, na Ijumaa iliyofuata binti yake akashuka kwenye ndege, koti zito la ziada mkononi. Wiki ya pili yake wote wawili wakapanda. Ndivyo ilivyokuwa kwetu: ndege ilikuja mara moja kwa juma, na watoto hawakuuliza mengi. Kumwacha mzazi mgonjwa kwenye jabali ni aibu inayosemwa na kanisa zima la huko. Na mzee aliyepanda hakurudi tena, ila ndani ya sanduku.

Tafatu alisimama kwenye uzio wa uwanja akaitazama ndege mpaka ikawa nukta. Uchaguzi ulikuwa unakaribia. Ikimotu akipanda ndege ile, hakuna mwingine kijijini mwenye hamu ya kugombea.

Alirudi nyumbani akamwandikia Tiva, binti wa Ikimotu aliyekuwa huko huko Auckland. "Baba yako analala moto ukiwaka jikoni. Juzi ameniita kwa jina la marehemu mama yako. Njoo umchukue kabla hajatumbukia korongoni."

Asubuhi alishika njia ya Alofi kwa miguu, barua ikiwa ndani ya shati. Hakufika mbali akasikia mngurumo wa pikipiki ya Ikimotu nyuma yake.

"We bwana! Jua lote hili, wapi?"

"Alofi."

"Panda. Na mimi naelekea huko huko."

Kukataa kungezua maswali. Tafatu akapanda, akamshika bega mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa anamfukuza kisiwani, na njia nzima ile barua ilimwasha kifuani kama upupu.

"Umekonda sana siku hizi," Ikimotu alipaza sauti. "Unalala vizuri?"

"Nalala."

"Husahausahau mambo?"

"Mimi? Nisahau nini!"

"Nauliza tu, ndugu yangu. Umri wetu huu."

Hata kwa afya anataka kunizidi, Tafatu aliwaza, akauma meno.

Posta aliingia wa kwanza, kiganja kimeifunika anwani. Hakuondoka mpaka alipoiona barua inazama ndani ya mfuko. Akatoka nje mwepesi, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wao alimwangalia Ikimotu akamwonea huruma. Karibu amwombe radhi.

"Nishikie pikipiki," Ikimotu alimwambia. "Nami nina barua yangu."

Tafatu alikaa kwenye kiti cha mbele, akashika usukani kwa mikono miwili, akajaribu honi.

Ndani, Ikimotu aliisoma barua yake mara ya mwisho. Ilikuwa inakwenda kwa Hafe, mwana wa Tafatu. Ilisema kwamba baba yake hajijui tena, na kwamba asikose ndege ya Ijumaa, aje amchukue. Ikimotu akaazima kalamu ya karani, akaongeza mstari mmoja chini: "Mama yako usimsumbue na safari, mwache hapa hapa, nitamtunza mimi mwenyewe." Kisha akailamba bahasha taratibu, akaibana kwa kiganja, akaikabidhi.